Chagua Bandari Kabla ya Kuchagua Meli

Mazungumzo ya leo ni ya bahari, ila si bahari ya jahazi na ngalawa. Nazungumzia zile meli za utalii zenye ghorofa kumi na tano na zaidi, zenye mabwawa ya kuogelea, kumbi za maonyesho na kasino, ambazo ukisimama gatini Miami zinakuzibia anga lote. Tarehe 30 Machi mwaka 2022, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, kiliondoa ilani yake ya kuwatahadharisha watu na safari za meli hizo. Miezi mitatu tu kabla yake, tarehe 30 Disemba, kituo hichohicho kilikuwa kimewashauri watu wasipande kabisa, hata waliochanjwa. Basi mawakala wa safari wakaamka. Barua pepe zikamiminika: nusu bei, mtoto bure, vinywaji juu yetu. Na wengi wenu mnaonisikiliza kutoka Houston, Minneapolis, Toronto na London mlikuwa mmekaa miaka miwili bila kutia mguu popote, kwa hiyo swali mliloniletea lilikuwa moja: tupande meli gani?

Jibu langu litawaudhi mawakala. Meli ije baadaye, uliza bandari kwanza. Mambo yakiharibika, meli hii itanishusha wapi? Na nikishushwa hapo, nitafikaje nyumbani?

Wengine watasema natisha watu. Haya, turudi nyuma kidogo. Februari 2020, meli ya Diamond Princess ilizuiwa Yokohama, Japani, ikiwa na watu 3,711. Abiria mmoja aliyekuwa ameshuka Hong Kong mwezi Januari alikutwa na virusi vya Korona, na abiria waliobaki wakafungiwa vyumbani kwa wiki mbili. Wenye vyumba vya ndani, vile visivyo na dirisha, walikaa wakitazama ukuta na kutolewa kwa zamu wakapunge hewa kidogo. Hatimaye watu 712 waliambukizwa. Na hao, kwa maoni yangu, walikuwa na bahati ya aina fulani, maana Japani iliwapa gati na hospitali.

Westerdam haikupewa. Iliondoka Hong Kong tarehe 1 Februari, ikaenda kubisha hodi Japani, Taiwan, Ufilipino, kisiwa cha Guam na Thailand, na kote ikaambiwa igeuze. Wala haikuwa na mgonjwa aliyethibitishwa. Kosa lake lilikuwa kuwa meli ya abiria mwezi ule. Baada ya karibu wiki mbili, Kambodia ikaipokea kwenye bandari ya Sihanoukville, na waziri mkuu Hun Sen mwenyewe akaenda gatini na maua.

Zaandam nayo iling'oa nanga Buenos Aires tarehe 7 Machi 2020, ikikusudia kumaliza safari yake Chile. Chile ikaikatalia. Ikapanda kaskazini na wagonjwa wake, watu wanne wakafia ndani, ikavuka Mfereji wa Panama usiku, na hata ilipokaribia Florida wakubwa wakabishana kwanza kabla haijaruhusiwa kutia nanga Fort Lauderdale tarehe 2 Aprili. Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Mwaka ule vingi vilivyokuwa vikielea vilikuwa vimefukuzwa.

Ukitaka kujua kwa nini wenye bandari waliingiwa na hofu kiasi hicho, tazama Sydney. Tarehe 19 Machi 2020 maofisa wa huko waliwaruhusu abiria wapatao 2,700 wa Ruby Princess washuke na kutawanyika bila kusubiri majibu ya vipimo. Vifo 28 vikahusishwa na meli ile, na tume ikaundwa kuchunguza nani aliruhusu nini. Baada ya hapo, ni ofisa gani angetaka sahihi yake iwe kwenye karatasi ya namna hiyo?

Kuna jambo ambalo mwenye kukata tiketi huwa halifikirii. Meli hizi nyingi zinaendeshwa kutoka Miami, wateja wake wakubwa ni Wamarekani, lakini zimesajiliwa Bahamas, Panama, Malta au Bermuda. Kampuni hufanya hivyo kwa sababu za kodi na sheria za kazi. Hilo ni halali, na hata meli za mizigo hufanya vivyo hivyo. Ila siku ya shida bendera ya Panama inayopepea nyuma ya meli haimaanishi kwamba Panama itakupokea. Kila nchi ina mamlaka juu ya bandari zake, na kampuni, hata ikiwa tajiri namna gani, inaomba tu kama waombaji wengine.

Najua utakachosema: hayo yalikuwa kabla ya chanjo. Ni kweli, na chanjo imebadilisha mengi. Celebrity Edge ilipoondoka Fort Lauderdale tarehe 26 Juni 2021, ya kwanza kubeba abiria wa kulipa kutoka bandari ya Marekani baada ya zaidi ya mwaka, karibu kila mtu ndani yake alikuwa amechanjwa. Tangu hapo vifo vimekuwa vichache mno. Safari za mwaka 2022 si za mwaka 2020, na anayekuambia ni sawa anakudanganya.

Lakini bandari hazikuwa zimesahau. Aina mpya ya virusi vya Korona, Omikroni, ilipoingia Disemba 2021, Carnival Freedom ilinyimwa ruhusa ya kuingia Bonaire na Aruba. Odyssey of the Seas, iliyokuwa na watu 55 waliopimwa na kukutwa na virusi, haikutia nanga Curaçao wala Aruba, ikarudi Fort Lauderdale bila abiria kukanyaga visiwa hivyo. Norwegian Pearl iliondoka Miami Januari, na baada ya siku chache ikageuza kwa sababu wafanyakazi wake waliugua. Huko Brazili, kampuni zenyewe zilisimamisha safari mwanzoni mwa Januari. Angalia tofauti, maana hapo ndipo ilipo hoja yangu: abiria wa Odyssey walikasirika, walikosa fukwe, lakini walishuka bandari ileile waliyopandia, wakachukua mizigo yao, wakaenda zao.

Sasa nikueleze habari ya shemeji yangu wa Houston. Ana hati ya ukaazi wa kudumu wa Marekani na pasipoti ya Tanzania, mke na watoto wawili, na mwaka 2022 alitaka kuwafurahisha. Aliniletea picha ya Wonder of the Seas, meli mpya ya Royal Caribbean iliyokuwa imeanza kubeba abiria mwezi Machi, kubwa kuliko zote duniani wakati ule, inayoweza kuchukua karibu abiria 7,000. Kiangazi cha mwaka ule ingekuwa Bahari ya Mediterania, kwa safari za kutokea Barcelona. Picha inapendeza, sikatai. Watoto walishachagua bembea watakayoanza nayo.

Nikamwambia: shemeji, tuianze safari yako kutoka mwisho. Meli imerudi Barcelona, mnakwenda uwanja wa ndege. Wakati huo, tangu Disemba 2021, kila abiria wa miaka miwili na zaidi aliyeruka kuja Marekani, raia na asiye raia, alilazimika kuwa na kipimo kisichozidi siku moja kabla ya ndege. Hispania yenyewe ilikuwa imelegeza masharti, isingekufungia ndani, lakini ndege isingekuchukua mpaka upite muda wa kujitenga na daktari akuandikie barua. Mmoja kati yenu wanne angekutwa na virusi, familia nzima ingekwama, maana usingemwacha mtoto wa miaka minane hotelini. Hoteli ingekuwa juu yako, tiketi mpya ingekuwa juu yako, na bosi wako Houston angekuwa anahesabu siku. Na hapo sijagusa viza.

Viza nitaigusa, kwa sababu brosha hazikuandikwa kwa ajili ya wenye pasipoti zetu. Mwenye pasipoti ya Marekani anaingia Barcelona, Marseille na Napoli kama anakwenda dukani. Mwenye ya Kenya, Tanzania, Uganda au Kongo anahitaji viza ya Schengen hata kama anaishi Marekani au Uingereza kihalali. Tena chunguza njia ya meli: ikitoka Ulaya ya Schengen ikagusa Uturuki au Tunisia, kisha ikarudi, umeshatoka na kuingia tena, na viza ya kuingia mara moja haikufai kitu. Wakala aliyekuuzia tiketi mara nyingi halijui hili, na mkataba unasema karatasi ni jukumu la abiria. Ukikataliwa kupanda, pesa imekwenda.

Sasa upande wa pili. Kutoka Houston hadi Galveston ni kama mwendo wa saa moja kwa gari. Carnival na Royal Caribbean zote zinatoka hapo kwenda Cozumel na bandari nyingine za Mexico, na Mexico haimdai viza mwenye ukaazi wa kudumu wa Marekani. Wakati ule ulipimwa kabla ya kupanda, nyumbani kwenu, na ukikutwa na virusi ulilala kitandani kwako. Sharti la kipimo cha kurudi lilikuwa la waliosafiri kwa ndege. Aliyerudi na meli gatini Galveston halikumhusu. Mexico ikiikataa meli, unarudi Galveston. Mtoto akiugua baharini, unarudi Galveston na gari lako liko maegeshoni. Meli ni ndogo kuliko Wonder, na maji ya Galveston yenyewe ni ya kahawia. Nilimwambia achukue hiyo, siku tano, mwezi Mei, kabla msimu wa vimbunga haujaanza Juni. Watoto hawajanisamehe.

Kwa anayeishi Uingereza hoja ni ileile: Southampton, au Liverpool kwa walio kaskazini. Kwa anayeishi Florida, hana hata sababu ya kunisikiliza.

Alaska ina hadithi yake, na inafaa kuijua kabla hujaingia gharama. Sheria ya Marekani ya mwaka 1886 inazuia meli yenye bendera ya kigeni kubeba abiria kutoka bandari moja ya Marekani hadi nyingine bila kugusa nchi ya nje. Ndiyo maana meli za kutoka Seattle kwenda Alaska hupita Victoria nchini Kanada, wakati mwingine usiku, saa chache tu. Kanada ilipofunga bandari zake, msimu mzima wa Alaska ukafungika. Mwaka 2021 ilibidi bunge la Marekani litunge sheria ya muda, Rais Biden akatia sahihi Mei, na Serenade of the Seas ikaondoka Seattle tarehe 19 Julai. Sasa Kanada imeshafungua, na viza ya Kanada ni sharti jingine ambalo wenye pasipoti zetu lazima waliulizie mapema. Barafu ya Alaska ni nzuri. Ila unakata tiketi kwa serikali mbili, si moja.

Tuje kwenye pesa. Hapa nitakaa kidogo, kwa maana virusi vinaweza kukupita lakini ankara haikupiti. Kampuni hizi ziliumia. Carnival ilipata hasara ya dola bilioni 10.2 mwaka 2020 peke yake, Royal Caribbean bilioni 5.8. Meli ambazo zingeweza kufanya kazi miaka mingi zilipelekwa Aliağa, Uturuki, zikakatwakatwa kuwa chuma chakavu. Kampuni yenye njaa hupunguza bei, na bei hiyo inakufurahisha. Jiulize lakini: arbuni ninayotoa leo kwa safari ya mwakani, inakaa wapi?

Januari 2022, abiria wa Crystal Symphony walikuwa wanarudi Miami. Mahakama huko ilikuwa imetoa amri meli ikamatwe kwa deni la mafuta, maana kampuni mama, Genting Hong Kong, ilikuwa imefilisika. Nahodha hakwenda Miami. Meli ikaelekea Bimini, Bahamas, na abiria wakavushwa Florida kwa kivuko. Hawa walikuwa wateja wa anasa, waliolipa bei ya juu kabisa. Waliobaki na arbuni za safari za baadaye wakajikuta katika foleni ya wadai.

Kwa hiyo lipa kwa kadi ya benki yenye ulinzi wa mteja, usilipe kwa hundi wala kwa kumtumia wakala pesa mkononi, hata akiwa mtu wa kwenu, hata mkiwa mnasali pamoja. Ukitangaziwa kwamba safari imefutwa na unapewa vocha ya asilimia 125, dai pesa taslimu. Vocha ni mkopo unaoipa kampuni bila riba. Kwa safari za kutoka bandari za Marekani kuna kanuni ya Tume ya Bahari ya nchi hiyo, iliyoanza Aprili 2022: kampuni ikifuta safari, au ikichelewesha kupandisha abiria kwa siku tatu au zaidi, una haki ya kurudishiwa pesa yako yote. Ichapishe kanuni hiyo ukae nayo.

Bima nayo isome mwenyewe, usisomewe. Bima za kawaida hazilipi kwa sababu umeogopa. Zipo zinazokuruhusu kufuta kwa sababu yoyote, ni ghali zaidi, mara nyingi lazima zinunuliwe ndani ya wiki mbili tatu baada ya arbuni ya kwanza, na hurudisha kati ya asilimia 50 na 75. Ukiweza kununua kitu kimoja tu, nunua ile ya kusafirishwa mgonjwa. Helikopta kutoka meli iliyo katikati ya bahari si teksi.

Chumba? Lipia dirisha. Roshani ukiipata ni vizuri zaidi, ila usiuze shamba kwa ajili yake, maana wakati wa Korona meli nyingi zilitenga vyumba maalumu vya wagonjwa, na aliyekutwa na virusi aliweza kuhamishwa akaiacha roshani yake ikipunga upepo bila mtu. Urefu wa safari? Mfupi. Omikroni hujitokeza ndani ya siku chache, kwa hiyo mtu aliyepimwa Jumatatu akawa salama anaweza kuumwa Alhamisi. Safari za miezi minne kuzunguka dunia waachie wastaafu wasio na bosi.

Jambo moja ambalo halimo kwenye brosha yoyote: wafanyakazi. Aprili 2020, baada ya abiria wengi kurudishwa makwao, CDC ilikadiria kuwa kulikuwa na meli kama 100 kandokando ya pwani za Marekani zikiwa na wafanyakazi karibu 80,000. Wafilipino, Wahindi, Waindonesia, na vijana wa mwambao wetu pia. Miezi ilipita wakiwa vyumbani, wengine bila mshahara, wakisubiri ndege ambazo hakuna nchi iliyotaka zitue. Kampuni zilitofautiana sana katika jinsi zilivyowatendea. Ukiwa unachagua kati ya kampuni mbili zenye bei sawa, mtafute aliyefanya kazi humo umuulize walimrudishaje kwao. Mimi naamini kampuni inayomtelekeza mpishi wake haitanijali mimi abiria wa siku tano.

Mwisho niseme na wale ambao karatasi zao hazijakamilika, maana najua mpo na mnanisikiliza. Raia wa Marekani anaruhusiwa kupanda meli inayotoka na kurudi bandari ileile akiwa na cheti cha kuzaliwa na kitambulisho tu, bila pasipoti. Mtu wa namna hiyo akishushwa nchi ya kigeni kwa dharura, hakuna ndege itakayompandisha kirahisi. Basi hata raia, beba pasipoti. Kwa aliyeomba hifadhi, au anayesubiri hati ya ukaazi, hali ni nzito zaidi. Meli ikigusa Nassau au Cozumel, wewe umetoka Marekani. Haijalishi kwamba ulikuwa unakula barafu kwenye ghorofa ya kumi na moja. Kutoka bila kibali cha awali kunaweza kukufungia mlango wa kurudi na kuua ombi ulilolisubiri miaka.

Kwa ninyi zipo safari zisizovuka mpaka. Pride of America ina bendera ya Marekani, inazunguka visiwa vya Hawaii kutoka Honolulu bila kugusa nchi nyingine, na ilianza tena safari zake tarehe 9 Aprili 2022. Kuna pia meli za mto Mississippi. Bei zake ni kubwa, kwa sababu wafanyakazi wake wanalipwa kwa sheria za Marekani. Lakini kabla ya hata hizo, mpigie wakili wako simu, mtajie jina la meli na kila bandari itakayogusa, na usimpe wakala senti mpaka amekujibu kwa maandishi.